Je, Uasilia Lazima Uishie Kwenye Sayansi?

Uasilia ni mtazamo wa kifalsafa unaoshikilia kwamba ulimwengu wa maumbile ndio ulimwengu wote uliopo. Kwa mtazamo huu mwanadamu ni sehemu ya maumbile sawa na samaki, mawe na nyota. Akili yake haitengani na mwili wake, na kila tukio, liwe kupatwa kwa jua au homa ya mtoto, lina chanzo chake humu humu ulimwenguni bila nguvu ya ghaibu kuingilia kati. Wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu na Wakristo ambao hawaukubali mtazamo huo, na mhadhara huu haukusudii kuwatoa katika imani zao. Swali lake ni la ndani ya uasilia wenyewe: mtu akishakubali kwamba maumbile ndiyo yote yaliyopo, je, analazimika pia kukubali kwamba sayansi ndiyo njia pekee ya kuyajua?

Madai hayo mawili huchanganywa mara nyingi. La kwanza linahusu vilivyopo, na la pili linahusu namna ya kuvijua. La pili haliwezi kuchipuka kutoka katika la kwanza mpaka liongezwe dai la tatu, kwamba kila kilicho cha maumbile hufikiwa kwa mbinu za sayansi na kwa mbinu hizo tu. Dai hilo la tatu ndilo lenye kasoro, ingawa kwa kawaida halitajwi; hupitishwa kimyakimya kana kwamba limekwisha kuthibitishwa. Sayansi inayozungumziwa hapa ni fizikia, kemia, biolojia na taaluma zinazozifuata katika kupima, kufanya majaribio na kutafuta kanuni za jumla. Wapo wanaolitanua jina hilo hadi likaingiza uchunguzi wowote wa makini, ikiwemo historia na sheria. Kwao swali lenyewe huyeyuka, lakini hakuna kilichojibiwa.

Waasilia wa kale hawakuufahamu ufinyu huo wa kuifanya sayansi kuwa njia pekee ya ujuzi. Epikuro, aliyeishi kati ya mwaka 341 na 270 KK na kufundisha Athens, alirithi kutoka kwa Demokrito fundisho kwamba kila kitu ni atomu na utupu. Hata hivyo, hakuitafuta elimu ya atomu kwa ajili yake yenyewe. Aliitaka imwondolee mwanadamu hofu ya miungu na ya kifo, apate kuishi kwa utulivu pamoja na marafiki. Huko China, katika karne ya tatu KK, Xunzi alifundisha kwamba mbingu huenda kwa utaratibu wake ule ule, mfalme awe mwema au dhalimu, na kwamba mvua ikinyesha baada ya watu kuomba, ingenyesha hata kama wasingeomba. Wakati huo huo aliitetea ibada ya kuomba mvua, kwa kuwa aliiona kama pambo la maisha ya jamii, namna ya watu kuupa wasiwasi wao umbo la heshima. Xunzi alikuwa muasilia asiyeyumba, na hakuona kwamba uasilia wake ulimdai aitupe elimu ya adabu na mila.

Ufinyu ulikuja baadaye sana. Mwaka 1929 kundi la wanafalsafa na wanasayansi wa Vienna, miongoni mwao Rudolf Carnap na Otto Neurath, lilitoa kijitabu kilichotangaza mtazamo wa kisayansi wa ulimwengu. Kwao sentensi yenye maana ilikuwa ama ya mantiki na hisabati, ama ile inayoweza kuthibitishwa kwa uzoefu wa hisi. Mwaka 1936 Mwingereza A. J. Ayer aliieneza fikra hiyo katika kitabu kilichosomwa mno vyuoni. Miaka hiyo hiyo, Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York kilikuwa na mkondo mwingine uliomzunguka John Dewey. Mwaka 1944 Dewey na wenzake walichapisha mkusanyiko wa makala kuhusu uasilia na roho ya mwanadamu, wakidai kwamba uchunguzi wa kimaumbile unaweza kuingia katika sanaa, dini na siasa bila kuziua. Baada ya vita W. V. Quine alikaza kamba tena: katika makala ya mwaka 1969 aliitaka elimu ya ujuzi iwe sura moja ya saikolojia. Wilfrid Sellars naye alikuwa ameandika mwaka 1956 kwamba katika kueleza ulimwengu sayansi ndiyo kipimo cha vyote, cha vilivyopo na cha visivyokuwepo. Kauli hiyo hunukuliwa sana na wenye msimamo finyu, lakini wengi wao husahau kwamba miaka michache baadaye Sellars huyo huyo alisisitiza kuwa picha ya mwanadamu kama mtu mwenye wajibu na nia haiwezi kuyeyushwa ndani ya picha ya kisayansi. Kwa maoni yake ilipaswa kuunganishwa nayo.

Hoja kuu ya msimamo finyu inastahili kusikilizwa kwa heshima, nayo ni hoja ya mafanikio. Kwa karne nyingi malaria ilidhaniwa kuletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata aliifuatilia safari yote ya vimelea kwa kutumia ndege, na Waitaliano wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi wakaonyesha kwamba mbu wa jamii ya anofelesi ndiye anayemwambukiza binadamu. Vyandarua vyenye dawa vinavyotundikwa leo kutoka Kigoma hadi Lamu vinatokana na ujuzi huo. Mazungumzo ya wazee hayangeufikia, wala tafakuri ya wanafalsafa. Kwa hiyo, husema watetezi wa msimamo finyu, njia iliyoshinda mara nyingi kiasi hicho ndiyo pekee inayostahili kuaminiwa. Mmarekani Alex Rosenberg, katika kitabu chake cha mwaka 2011, aliifikisha hoja hii mwisho wake: fizikia ndiyo inayoamua ukweli wote, na mtu asione haya kusema hivyo.

Lakini mafanikio hayo yanathibitisha kwamba sayansi ni bora katika maswali inayoyauliza. Hayathibitishi kwamba hakuna maswali mengine yenye majibu ya kweli, kama vile ushindi wa sayansi dhidi ya hewa mbaya haukuwa ushindi dhidi ya historia, sheria au maadili. Taaluma hizo hazikuwa zikishindana nayo.

Tena lipo tatizo la dai kujigeukia lenyewe. Hakuna maabara iliyowahi kupima kwamba sayansi ndiyo njia pekee ya ujuzi. Kanuni ya Vienna haikuweza kuthibitishwa kwa hisi wala haikuwa ya mantiki tupu, kwa hiyo kwa kipimo chake yenyewe haikuwa na maana. Miaka mingi baadaye Ayer alikiri hadharani kwamba sehemu kubwa ya kitabu chake haikuwa sahihi. Wapo waliojaribu kuliokoa dai kwa kulishusha cheo, wakasema kwamba ni sera tu ya utafiti na si ujuzi. Basi na iwe sera, ila sera hupimwa kwa faida na hasara zake, na kupima faida na hasara ni kutoa hukumu ya thamani, jambo ambalo sera hiyo ilikuwa imelifungia nje.

Hisabati nayo haiungi mkono msimamo finyu. Yapata mwaka 300 KK Euklidi alionyesha kwamba namba tasa hazina mwisho, na alifanya hivyo bila jaribio wala kipimo. Hakuna muasilia anayeitupa hoja hiyo. Sayansi yenyewe haisogei hatua moja bila hisabati, wala bila kumbukumbu ya mtafiti, uaminifu wa aliyeandika vipimo na imani ya msomaji kwa ushuhuda wa mtu asiyemjua. Mambo haya yote ni ya kimaumbile, na yote huitangulia maabara.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Afrika Mashariki, nao ni wa fedha. Tarehe 1 Juni 2019, katika sherehe za Madaraka zilizofanyika Narok, gavana wa Benki Kuu ya Kenya alitangaza noti mpya na kusema kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 ingekoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba mwaka huo. Siku ilipofika, mtu aliyesahau bunda la noti chini ya godoro aliamkia makaratasi. Karatasi haikuwa imebadilika, wala wino, wala uzi wa usalama uliopita katikati yake. Mkemia mwenye vyombo bora duniani asingeona tofauti yoyote kati ya noti ya usiku na noti ya asubuhi, na bado tofauti ilikuwepo, tena kubwa, kwa kuwa iliamua nani angenunua unga na nani asingenunua.

Hapakuwa na kitu cha ghaibu katika mabadiliko hayo. Watu walitamka, wakaandika, wakasikia, wakakubaliana, na kila tendo lao lilikuwa la miili yenye uhai. Hata hivyo, anayetaka kujua kilichotokea usiku ule hana budi kuijua sheria ya fedha, mamlaka ya Benki Kuu na desturi ya kupokea noti kama malipo. Katika makala ya mwaka 1974 mwanafalsafa Jerry Fodor alieleza kwa nini hali huwa hivyo: vitu vinavyohesabika kuwa fedha havina sifa ya kifizikia ambayo vyote vinaishiriki. Historia ya eneo hili inamuunga mkono. Ndani ya kipindi kisichozidi sana karne moja na nusu, watu wa Afrika Mashariki wamelipana kwa kauri, kwa riali za fedha zenye sura ya Maria Theresa, kwa rupia, kwa shilingi za sarafu na za noti, na tangu Machi 2007 kwa tarakimu za M-Pesa ndani ya simu. Ganda la konokono wa baharini na mawimbi ya redio havifanani kwa lolote ambalo mwanafizikia angeliona. Vinafanana kwa nafasi vilivyopewa katika maisha ya watu.

Atatokea mwenye kusema kwamba uchumi nao ni sayansi, hivyo mfano huu haumgusi. Jibu lake limo katika kesi iliyofuata noti zile. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 231, inaruhusu fedha kubeba taswira za kuitambulisha nchi, ila inakataza kuweka juu yake sura ya mtu yeyote. Noti mpya zilionyesha jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi, na mbele ya jengo hilo imo sanamu ya Jomo Kenyatta. Wapo waliokwenda Mahakama Kuu wakidai kwamba katiba imevunjwa, na Mahakama ikaziacha noti ziendelee kutumika. Je, sanamu iliyo sehemu ya mandhari ni sura ya mtu kwa maana iliyokusudiwa na katiba? Swali hilo lina majibu bora na majibu mabaya, yanayotetewa kwa hoja mbele ya watu, na hakuna jaribio la maabara wala takwimu za kiuchumi zinazoweza kulimaliza. Hulijua jibu lake yule anayeshiriki desturi ya kusoma katiba. Mtazamaji anayesimama nje ya desturi hiyo na kuhesabu mienendo ya wasomaji wake hatalipata.

Historia ya pwani inatoa mfano wa aina nyingine, na huu una utajiri zaidi kwa kuwa sayansi imeingia ndani yake na kuisaidia mno. Kumbukumbu za Kilwa zinasimulia kwamba watawala wa kwanza wa mji huo walitoka Shirazi. Kwa muda mrefu wasomi waligawanyika. Waandishi wa enzi za ukoloni waliitumia simulizi hiyo kudai kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni, na wengi waliokuja baada yao waliiona kuwa hekaya ya kujitafutia ukubwa. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani na bara jirani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya urithi ulitoka Afrika, hasa kupitia kwa akina mama, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia. Urithi huo wa Kiasia kwa sehemu yake kubwa ulikuwa wa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Simulizi ya Shirazi, ambayo wengi walikuwa wameidharau, ikapata shahidi asiyetarajiwa.

Ushahidi huo ni wa thamani kubwa, na mwanahistoria anayeupuuza anafanya kosa. Lakini DNA ilipata maana yake hapo kwa sababu palikuwepo kumbukumbu za kuilinganisha nazo, magofu yaliyosomwa na waakiolojia, na maelezo ya wasafiri kama Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331. Bila hayo, asilimia za jeni zingekuwa asilimia tu. Isitoshe, utafiti ule haukusema, na haungeweza kusema, nani ni Mswahili. Wanawake wale walilea watoto katika lugha ya Kibantu, wakapika na kuzika kwa namna yao, na wajukuu wa mabaharia wakawa watu wa mji kwa malezi hayo. Uswahili wao ulikuwa katika lugha, dini, nyumba, ndoa na adabu. Hivyo vyote ni vya maumbile, kwa kuwa watu ni wa maumbile, na hujulikana kwa kuvisoma, kuviuliza na kuvifasiri. Anayengojea maabara imwambie yeye ni nani amekosea mlango, na katika karne ya 20 makosa ya namna hiyo kuhusu damu na asili yaliwagharimu watu maisha yao.

Sehemu ngumu kuliko zote ni maadili. David Hume alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1739 hadi 1740 kwamba kutoka katika sentensi zinazosema mambo yalivyo pekee mtu hawezi kutoa sentensi inayosema yanavyopaswa kuwa. G. E. Moore, mwaka 1903, alikwenda mbali zaidi na kushikilia kwamba wema si sifa ya kimaumbile hata kidogo. Hapo ndipo muasilia finyu hujikuta kwenye kona: ama maadili yawe tawi la sayansi, ama yasiwe ujuzi, yabaki hisia za watu zilizopambwa kwa maneno.

Kisa kimoja kinaonyesha kwa nini kona hiyo haimfai mtu. Nchini Tanzania, hasa kuanzia miaka ya mwisho ya muongo wa 2000, watu wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli waliokuwa wakiichochea biashara hiyo. Biolojia ina la kusema hapa, na inalisema kwa uhakika: ualbino ni hali ya kurithi, mwili hautengenezi melanini ya kutosha, na mtoto huzaliwa nayo pale anapopokea jeni husika kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa. Hakuna chochote katika mfupa wa mtu huyo kinachoweza kuvuta samaki au dhahabu. Elimu hiyo inapaswa kufika kila kijiji na kila mgodi.

Lakini tuseme, kwa kubuni tu, kwamba mfupa ungeleta utajiri kweli. Kuua kungebaki kuwa uovu ule ule. Hilo kila mtu mwenye akili timamu analijua, na analijua kwa uhakika usiopungua ule wa melanini. Kwa hiyo ubaya wa kitendo kile haukugunduliwa na biolojia, wala haukungoja biolojia. Anayesema kwamba maabara tu ndiyo hutoa ujuzi analazimika kukubali kwamba hatujui kuwa mauaji yale yalikuwa maovu, kwamba tumeyachukia tu. Msimamo unaomfikisha mtu hapo umekwisha kujionyesha kuwa si wa kweli.

Haifuati kwamba wema unaelea juu ya maumbile, kama alivyodhani Moore. Mtoto mwenye ualbino anayefungiwa ndani kwa hofu anaumia, anaogopa, anampenda mama yake, anataka kwenda shule. Haya ni mambo ya maumbile yasiyo na siri, na ndiyo yanayobeba uzito wa hukumu. Kinachohitajika juu yake ni uwezo wa kuyaona kuwa ni sababu za kutenda na za kutotenda, uwezo unaojengwa kwa malezi, kwa mjadala na kwa kusikiliza walioumizwa. John McDowell, katika kitabu cha mwaka 1994, aliuita uwezo wa namna hiyo maumbile ya pili ya mwanadamu: hauko nje ya maumbile, lakini huja kwa kulelewa. Charles Darwin alikuwa tayari ameeleza mwaka 1871 jinsi hisia ya uadilifu ingeweza kukua kutokana na silika za wanyama wanaoishi pamoja. Maelezo hayo yanakubalika. Ila kueleza jinsi hisia hiyo ilivyoanza si kuamua kama hukumu fulani ni sahihi, kama vile kueleza jinsi jicho lilivyotokea hakumwambii mtu kilichowekwa mezani.

Hofu ya wenye msimamo finyu ni kwamba, mlango ukifunguliwa, ramli nayo itaingia. Hofu hiyo ina msingi na haifai kudharauliwa mahali ambapo ramli imeua. Jibu ni kwamba mlango una walinzi. Mlinzi wa kwanza ni kwamba taaluma yoyote isipingane na yale ambayo sayansi imeyathibitisha kwa nguvu: mwanahistoria hawezi kueleza kushindwa kwa jeshi kwa uchawi, na hakimu hawezi kupokea ndoto kuwa ushahidi. Wa pili, ambaye ni muhimu zaidi, ni kwamba taaluma iwe na njia zake za wazi za kugundua makosa yake. Historia ina nyaraka zinazolinganishwa, na mahakama zina maswali ya kumbana shahidi na ngazi za rufaa. Hata uhakiki wa ushairi unazo njia hizo: anayedai kwamba utenzi fulani una dosari ya mizani au ya vina ataonyeshwa mshororo kwa mshororo kama amekosea, na anayedai kwamba una kina cha fikra atadaiwa auonyeshe kina hicho ndani ya maneno yenyewe. Ramli haina njia kama hizo. Ikishindwa, lawama humwangukia mteja aliyevunja mwiko au adui mwenye dawa kali zaidi, na kamwe haiangukii ramli. Ndiyo maana inabaki nje, na inabaki nje kwa sababu nzuri kuliko ile ya kusema tu kwamba si sayansi.

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, alitoa mfano ambao umejadiliwa tangu hapo. Ghala lililoliwa na mchwa linaanguka na kuwaumiza watu waliokuwa wamekaa kivulini chake. Wazande walijua vizuri kabisa kazi ya mchwa. Walichouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ile ile walipokaa watu wale wale, na jibu lao lilikuwa uchawi. Muasilia atasema kwamba nyuzi mbili za visababishi, ule wa mchwa na ule wa joto lililowapeleka watu kivulini, zilikutana, na kukutana kwake hakuna sababu ya tatu. Amesema kweli. Lakini waliobaki hawajamaliza kuuliza: nani alipaswa kukagua nguzo, nani atawatunza majeruhi, familia itaishije na hasara hiyo. Maswali hayo yana majibu katika sheria, desturi na busara ya walioishi. Muasilia anayeyafyeka kwa kuwa hayamo katika elimu ya mchwa huliacha shamba wazi, na shamba likiachwa wazi mpiga ramli huliingia.

Kuhusu uzoefu wa ndani maneno machache yanatosha. Thomas Nagel aliuliza mwaka 1974 jinsi inavyokuwa kuwa popo, na akajibu kwamba maelezo kamili ya ubongo wa popo hayatatufikisha huko. Wengine wamelichukua hilo kuwa ushahidi wa nafsi isiyo ya maumbile. Si lazima. Inawezekana kabisa kwamba popo ni mnyama wa maumbile kutoka ncha hadi ncha, na bado yapo mambo kumhusu yanayojulikana tu kwa kuwa popo. Mipaka ya mbinu moja ya kujua si mipaka ya kilichopo.

Katika falsafa ya Kiafrika aliyeyatazama mambo haya kwa makini zaidi ni Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2022. Katika vitabu vyake vya mwaka 1980 na 1996 alishikilia kwamba mgawanyiko mkali kati ya maumbile na yaliyo juu ya maumbile, ambao wamisionari na wanaanthropolojia walidai kuukuta kila mahali Afrika, haumo katika fikra za Waakan wa Ghana. Kwao mizimu ya wahenga ilifikiriwa kuwa humu humu ulimwenguni. Wiredu hakuzipokea imani hizo kwa kuwa ni za wahenga. Alitaka zipimwe, na zile zisizo na ushahidi ziachwe, akawalaumu vikali wanaozilinda kwa jina la Uafrika. Wakati huo huo alionyesha kwamba maadili ya Waakan hayakujengwa juu ya amri kutoka mbinguni. Yalijengwa juu ya ustawi wa watu na juu ya kulinganisha maslahi ya mmoja na ya jamii, na yalijadiliwa na wazee hadi kufikia maafikiano. Hapo upo ujuzi wa maadili usiotegemea ghaibu wala maabara, uliorekebishwa kwa hoja na watu waliojua kwamba wangeweza kukosea. Wanaoshikilia kwamba uasilia lazima uishie kwenye sayansi bado hawajaonyesha ni kipi kilichopungua katika ujuzi huo.